Mguu wa Chooni Juu ya Mto Nile

Miguu yangu ililelewa. Maalimu aliyetusomesha Kurani katika Mji wa Kale, Mombasa, hakuwa na mzaha na vizingiti: msikitini huingia mguu wa kulia na hutoka wa kushoto, chooni ni kinyume chake, na viatu navyo vina zamu yao, wa kulia hutangulia kuvaa, wa kushoto hutangulia kuvua. Bakora yake ilikuwa na macho. Ungedhani amezama katika juzuu ya mtoto mwingine, lakini ukikosea mguu mlangoni, ugoko wako ulipata habari kabla ya masikio. Ndiyo maana leo, nikiwa na mvi za kutosha, sihitaji kufikiri. Pahali pa heshima, kulia. Pahali pa haja, kushoto.

Nayatanguliza haya ili msomaji ajue kwamba ugomvi wangu na kijana mmoja wa Kisoga, mkufunzi wa wekibodi kule Jinja, haukuwa wa michezo tu. Yeye alidhani anashindana na nyonga zangu. Kumbe alikuwa anashindana na Maalimu, ambaye ameshatangulia mbele ya haki na hana tena nafasi ya kushawishiwa.

Wekibodi ni ubao mmoja, mfupi kuliko mtu mzima, wenye viatu viwili vilivyokazwa juu yake kwa skrubu. Unavifunga miguuni, unashika kishikio kilicho mwisho wa kamba ya mita kama 20, boti inaondoka, na wewe unasimama ubavu, bega moja limetangulia, ukiteleza nyuma yake kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa. Mchezo huu ni mjukuu wa ule wa kuteleza majini kwa mbao mbili, uliobuniwa mwaka 1922 na kijana wa Kimarekani, Ralph Samuelson, katika Ziwa Pepin, Minnesota. Alianza kwa mbao za mapipa, akazama. Akajaribu mbao za kutelezea juu ya theluji, akazama nazo pia. Mwishowe akajichongea zake mwenyewe, na hizo zikambeba. Mbao mbili zina adabu: miguu yote inatazama mbele, na hakuna unaomtangulia mwenzake. Fitina ililetwa na ubao mmoja, miaka ya 1980, Tony Finn wa San Diego alipoanza kuuza ubao wa kukokotwa na boti ulioitwa Skurfer. Hapo ndipo kila mtu alipolazimika kuchagua mguu.

Walio wengi hutanguliza wa kushoto na kuuacha wa kulia nyuma ushike usukani. Hao huitwa regula. Wanaotanguliza wa kulia huitwa gufi, na husemwa kwamba jina hilo limetoka kwa Goofy, yule mbwa wa katuni za Disney, ambaye katika katuni ya mwaka 1937 alipanda mawimbi ya Hawaii mguu wa kulia ukiwa mbele. Kukutambua wewe ni wa kundi gani hakuhitaji daktari. Unasimama miguu pamoja, mtu anakuja nyuma yako na kukusukuma bila taarifa, na mguu utakaoruka kukuokoa ndio wako wa mbele. Mkufunzi aliniomba nimsimulie Mombasa ilivyo. Ndiyo kwanza nafika Ngome ya Yesu, akanisukuma mgongoni. Wa kulia ukaruka.

“Hajji ni gufi,” akawatangazia wenzake.

Nilipinga. Kuwekwa kundi moja na mbwa si jambo la kunyamaziwa, na isitoshe mguu ule haukuruka kwa hulka yake. Ulikuwa bado unaikimbia bakora. Lakini hukumu ilikuwa imeshapita. Kuhusu hilo jina la Hajji, Uganda ukionekana na kofia ya viua na tumbo la wastani unaitwa Hajji, hata kama Makka umeiona kwenye kalenda tu. Ni heshima ya bure, na mimi heshima za bure sizirudishi.

Kazi ya uwakala wa forodha ndiyo iliyonitoa pwani ikanitupa huko, kwenye mji ambapo mto Nile unaaga Ziwa Victoria. Mpelelezi wa Kiingereza, Speke, alifika hapo mwaka 1862 akautangazia ulimwengu kwamba chanzo cha Nile kimepatikana, ingawa wenyeji waliokuwa wakivua samaki pale hawakuwa wamekipoteza. Kilomita chache ukifuata mto kulikuwa na maporomoko ya Bujagali. Nasema kulikuwa, kwa sababu bwawa la umeme la megawati 250 lililozinduliwa mwaka 2012 liliyafunika. Zamani vijana wa pale walikuwa wakijitupa kwenye maporomoko hayo wamekumbatia dumu la plastiki la lita ishirini, watalii wakawatupia senti. Sasa maji yaliyokuwa yakinguruma yamelala ziwa, na boti inaweza kwenda mstari mmoja mrefu bila kukutana na jiwe. Mzee aliyekuwa msemaji wa mzimu wa maporomoko, Jaja Bujagali, aliupinga mradi ule kwa miaka, na nafikiri alikuwa na haki ya kuupinga. Lakini maji yakishalala, watu wa boti huja.

Msimu wangu wa kwanza, wa mguu wa kulia, hauna mengi ya kusimuliwa. Nilianguka, nikainuka, nikajua. Mwisho wake nilikuwa nakata mawimbi ya nyuma ya boti, naenda upande huu na kurudi, na jioni napiga simu Mombasa kuwaeleza ndugu zangu kwamba Nile nimeshaimudu. Mtu wa pwani akishakuwa hodari juu ya maji hawezi kukaa nalo kifuani. Hapo ndipo kijana alipokuja na habari yake.

“Hajji, leo tunabadilisha mguu.”

“Kwani huu una kasoro gani?”

“Hauna kasoro. Ule mwingine ndio hauna kazi.”

Akanieleza kwamba anayetaka kuruka na kugeuka nusu mzunguko hutua mguu wa pili ukiwa mbele, na kama mguu huo haujui kazi, safari inaishia papo hapo. Tena anayepanda upande mmoja miaka nenda rudi huchosha goti lilelile na kiuno kilekile. Kupanda kwa mguu wa pili wenyewe hukuita swichi, na ubao wenyewe umetengenezwa kwa ajili yake: tangu miaka ya 1990 mbao zinachongwa ncha zote mbili zikifanana, mapezi huku na mapezi kule. Kwa lugha ya vyombo vya kwetu, hauna tezi, una omo mbili. Ubao haujali unaelekea wapi. Anayejali ni abiria.

Nikamwambia sina nia ya kuruka. Nina mke, nina sukari inayopanda na kushuka, nina kontena tatu zimekwama mpakani.

“Hajji, mawimbi yatakurusha upende usipende.”

Nikaona nimtolee hoja ya mwisho, ile isiyojibika. Nikamwambia mguu wa kushoto ni wa chooni. Sikulelewa kuingia pahali pa maana kwa mguu ule, na Nile ni pahali pa maana. Imetajwa katika vitabu.

Kijana yule naye ni mtoto wa Kiislamu, na Kiswahili chake alikiokota kwa madereva wa malori pale Malaba, mahali ambapo hoja hufundishwa mapema. Akakaza skrubu yake taratibu, hakuninyanyulia hata uso.

“Msikitini unatoka na mguu gani?”

“Wa kushoto.”

“Sasa hapa tunaingia majini au tunatoka majini?”

Nikavaa jaketi.

Kutoka majini kwenyewe kuko hivi. Unalala chali ndani ya maji, magoti umeyakunja kifuani, ubao umekingama mbele yako, mikono imenyooka. Boti ikianza kuvuta, maji yanausukuma ubao, nawe unauacha ukunyanyue. Usijivute kwa mikono wala usikurupuke kusimama. Ukishakuwa juu, unauzungusha robo, mguu wa mbele uelekee boti, na kishikio unakishusha kwenye nyonga ya mbele. Kwa mguu wa kulia mwili wangu ulikuwa unayafanya yote haya bila kunishirikisha. Kwa wa kushoto, kila kiungo kilikuja kuomba maelekezo, na vyote vilikuja kwa wakati mmoja. Nyonga ikauliza ni ipi kati yao. Bega likataka kujua limtazame nani. Vidole vya mguu wa nyuma, ambavyo hadi juzi vilikuwa vya mbele, vikagoma kabisa kushushwa cheo. Na wakati kikao hicho kinaendelea, boti haikusubiri kumbukumbu zisainiwe.

Nikanyanyuka. Mwili ukazunguka wenyewe, kwa madaha, ukatulia. Nikaanza kutabasamu. Mkufunzi, amesimama tezini, akatikisa kichwa na kunyoosha kidole chini. Nikatazama: mguu wa kulia ndio ulikuwa mbele. Umepita mlango wa nyuma na kurudi kwenye kiti chake.

“Hajji, hiyo ni ya mwaka jana!”

Safari iliyofuata niliukatalia. Ukitaka kujua ni nini hutokea ubao unapozuiwa kuzunguka kulia huku ukiwa haujui kuzunguka kushoto, hutokea hivi: haugeuki kokote. Unabaki umekingama, bapa zima linausukuma mto, na mto wa Nile ni mzito kuliko mtu yeyote wa familia yetu. Kamba haina huruma, kwa kuwa hutengenezwa makusudi isinyumbuke. Mikono ikaenda na boti, miguu ikabaki na ubao, na mimi niliyekuwa katikati nikafika majini kwa paji la uso.

Hapa niseme neno juu ya maji baridi. Sisi tuliokulia baharini tumedekezwa na chumvi. Bahari humbeba mtu hata akiwa mvivu. Maji ya mto hayambebi mtu bure. Unazama zaidi, unarudi juu kwa kuchelewa, na ukirudi unakuta boti imeshazunguka na watu watano wanakutazama kwa upole ambao hukuuomba.

Watano hao walikuwa ndani ya boti. Ukingoni walikuwa wengi zaidi. Sehemu ile kina mama hufua, watoto huchota maji, na asubuhi ya kazi haina burudani nyingine. Anguko la kwanza walilipokea kwa “Bannange!” iliyotoka moyoni, ya kumlilia mtu. Baadaye huruma ikapungua na ufundi ukaongezeka. Watoto wakajifunza dalili. Walikuwa wanajua naanguka kabla sijajua mimi, wanaanza kupiga kelele wakati bado nimesimama wima, nami hugeuka kutazama kuna nini, na kugeuka huko ndiko kulikoniangusha. Mama mmoja, beseni la nguo kichwani, alingoja mpaka boti ikasogea karibu kunichukua, akaniuliza kwa Kiswahili cha sokoni, uso wake una wasiwasi wa kweli:

“Mzee, hawa wanakudai pesa ngapi?”

Nilimjibu kwamba mimi ndiye ninayewalipa. Akalitua beseni chini ili anitazame vizuri.

Yuko mtu mmoja niliyeanza kumwonea wivu siku hizo, naye ni Bujagali wa hadithi. Inasimuliwa kwamba anayestahili kuurithi mzimu wa pale hutambulika kwa kuvuka maporomoko amekalia kipande cha nguo ya gome la mti, asizame. Tazama busara hiyo. Amekaa! Hakuna aliyemsukuma mgongoni kwanza, hakuna aliyemwuliza ni mguu upi, na watoto wa ukingoni hawakumcheka. Kama mchezo ungebaki katika mikono ya wazee wa Busoga, mimi ningekuwa bingwa.

Lakini siku ikafika nikasimama. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, ubao umenyooka, boti mbele yangu, korongo wamejipanga ukingoni kwa staha. Sikuamini. Nilitazama chini mara mbili kuhakikisha miguu ni yangu. Mwangalizi kwenye boti akaniashiria kuuliza kama niko sawa, nami kwa furaha yote ya mtoto wa Mombasa nikamwinulia dole gumba: poa kabisa!

Ishara za mchezo huu nazifahamu. Dole gumba juu maana yake ni ongeza mwendo. Dole chini, punguza. Kiganja kichwani, nirudisheni gatini. Nazifahamu mimi, furaha yangu haikuwahi kufundishwa. Nahodha akaongeza mwendo. Nikaona jamaa wanaharakisha, nikadhani labda hawakunielewa, nikaliinua dole tena, juu zaidi, na kulitikisa: basi, basi, nimeridhika! Nahodha, mtu mtiifu, akaongeza tena. Sasa hata macho yalikuwa yanapigwa na upepo. Na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa unashangilia, ni mkono mmoja tu uliobaki kwenye kishikio.

Ubao una kingo mbili, ya visigino na ya vidole, na siri yote ya mchezo ni kuegemea ukingo mmoja kwa wakati wake. Ukingo usiohusika ukiinama hata kidogo na kugusa maji yanayokuja, maji huudaka na ubao husimama papo hapo. Kwa mguu wa kulia nilikuwa najua bila kuambiwa ukingo upi uko zamu. Kwa wa kushoto, zamu zote zilikuwa zimebadilishana. Ukingo wa vidole ukainama kusalimia. Ubao ukasimama. Mimi sikusimama.

Nilitua kwa sikio. Kofia ngumu ilifanya kazi yake, lakini maji yaliyoingia sikioni yalikaa humo siku kadhaa, na kila nikiinamisha kichwa kwenye meza ya kazi niliisikia Nile ikipita. Mteja mmoja wa mitumba alinieleza habari ya ushuru wake yote upande huo. Nikamkubalia kila kitu, akaondoka na furaha ambayo hadi leo inanigharimu.

Mkufunzi akaamua nifanye mazoezi nchi kavu. Shauri lake lilikuwa jema, nalipendekeza kwa yeyote: funga kamba kwenye mti au nguzo, simama ubavu mguu mgeni ukiwa mbele, vuta, kunja magoti, geuza kichwa utazame juu ya bega la mbele, na ukishazoea fumba macho. Kichwa ndicho kinachoongoza; kikitazama pasipo, nyonga hukifuata na ubao hufuata nyonga. Basi jioni nikawa nafanya hivyo barazani. Kamba sikuwa nayo, nikatumia kanga ya mke wangu niliyoizungusha kwenye nguzo. Akatokea mlangoni na chai. Akanikuta nimevaa soksi ili niteleze vigaeni, nimechuchumaa nusu, nimefumba macho, naivuta kanga yake na kumwambia nguzo, “Usinivute haraka.” Akaiweka chai chini, akarudi ndani, akampigia simu kaka yake.

Shemeji huendesha lori la makontena, Mombasa hadi Kigali. Alinipigia usiku ule, kwanza kwa sauti ile ya kumwongelesha mgonjwa, halafu nilipomweleza shida yangu akacheka mpaka nikasikia anaegesha gari. “Wewe unalia kwa miguu miwili,” akasema, “mimi nina magurudumu ishirini na mbili.” Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Ukivuka Katuna kuingia Rwanda, unapita kulia. Anafanya hivyo kwenda na kurudi, mwaka mzima, na tani zake mgongoni. Nikamwuliza siri ni nini.

“Mpakani hapana hatari, shemeji. Pale una woga, na woga ni dereva mzuri. Hatari iko mbele, ukishakula, ukishapiga soga, barabara ni tupu na redio inaimba. Hapo ndipo mkono unapokwenda kwao bila kuaga.”

Sijasikia mwalimu wa michezo aliyesema vizuri zaidi ya hivyo. Nilipoanza kujichunguza nikaona ni kweli: mwanzo wa safari, nikiwa na hofu, mguu wa kushoto ulikuwa unatii. Nilikuwa naanguka pale nilipoanza kuwatazama korongo.

Kuna Mmarekani mwingine, mhandisi Destin Sandlin, ambaye mwaka 2015 alionyesha kwenye video baiskeli aliyotengenezewa, usukani wake ukielekezwa kushoto gurudumu linakwenda kulia. Alikuwa na miaka mingi ya baiskeli miguuni mwake, na akili yake ilielewa kabisa kilichobadilika, lakini ilimchukua miezi 8 ya mazoezi ya kila siku kuiendesha. Mwanawe mdogo aliiweza kwa wiki 2. Habari hiyo ilinipa moyo kwa sababu ilinihakikishia kwamba kichwa changu kizima. Kinachokataa ni ujuzi wa zamani uliojichimbia huko chini, usiosoma wala kusikiliza. Halafu ikanitia hofu. Sandlin aliporudi kwenye baiskeli ya kawaida, ile ya watu wote, alishindwa kuiendesha kwa muda, watu wakimtazama.

Na kwa upande wa watoto, nilishayaona ya Sandlin kwa macho yangu. Binti wa wageni fulani, meno ya mbele hayajarudi, alibadilishiwa mguu asubuhi na kabla ya chakula cha mchana alikuwa anapita mbele ya gati akitupungia mkono. Mkono! Alikuwa na mkono wa ziada.

Watu hudhani upande wa pili ni ule wa kwanza uliogeuzwa, kwamba ujuzi unahama kama ulivyo, kulia unapelekwa kushoto na hesabu imekwisha. Si hivyo hata kidogo. Mwanafunzi mpya hajui, naye anajua kwamba hajui, kwa hivyo hutulia. Mimi nilikuwa sijui kwa mwili na najua kwa kichwa, na kichwa kilikuwa kinatoa amri za fundi kwa miguu ya mwanagenzi. Nilikuwa naegemea kwa ujasiri wa msimu uliopita ukingo ambao sikuwa nimewahi kutambulishwa nao. Mkufunzi aliliona hilo mapema. Dawa yake ilikuwa kunirudisha kwenye mwendo wa watoto, polepole kabisa, na kunikataza kusema neno “najua” nikiwa ndani ya maji. Hilo la pili lilikuwa gumu zaidi.

Sasa naweza. Si kwa uzuri. Nikitanguliza kushoto, mkono wa nyuma hunyooka juu wenyewe, kana kwamba naomba ruhusa darasani, na mkufunzi amechoka kunikumbusha niushushe. Lakini navuka mawimbi na kurudi, na dole gumba nalificha ndani ya kishikio lisije likasema kitu. Hasara imekuja upande mwingine. Mguu wa kulia, uliokuwa na uhakika tangu chuoni, umeingiwa na shaka. Ijumaa moja nilifika msikitini nikasimama kizingitini, miguu yote miwili ikasubiri, hakuna uliotaka kumvunjia mwenzake heshima. Nyuma yangu watu walijipanga wakidhani nasoma dua ndefu. Mzee mmoja alingoja kwa subira, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ufunguo ninao mimi.

Wenye nia ya kwenda kujaribu, nendeni asubuhi kabla upepo haujaamka, na ombeni viatu vya ubao vifungwe vikiwa vimepanuka sawasawa pande zote mbili. Vikielekezwa upande mmoja, mguu mgeni hupata taabu mara mbili. Wanaojua kuogelea baharini wasidharau mto. Na mkisharudi makwenu msisahau kwamba maji yale yana kichocho: ngojeni wiki kadhaa, maana dawa ya praziquantel huua minyoo iliyokwisha komaa, kisha nendeni zahanati mkameze vidonge. Idadi hupangwa kwa uzito au kwa urefu wa mtu. Mguu mliotanguliza hawaulizi.